Akienda Kukaa kwa Watu, Asinyamaze

Barabara inayotoka Lindi mjini kwenda kusini hugawanyika Mnazi Mmoja, pale Mingoyo: mkono mmoja unakwenda Mtwara, mwingine unapanda Masasi. Mabasi hupunguza mwendo, na wachuuzi huyakimbilia na samaki wa kukaanga, wakiwauzia abiria kupitia madirishani. Mtoto anayekulia hapo huwaona wageni tangu anajifunza kutembea. Lakini wageni hao ni wa dakika tano. Kuishi ndani ya nyumba ya mtu baki, kula kwa saa zake, kuoga kwa zamu yake na kulala ukisikia lugha yake ukutani, ni jambo jingine kabisa, na ndilo linalomkosesha usingizi kijana aliyepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo na kufikia kwa familia asiyoijua.

Si kwamba watu wa pwani ya kusini hatujui kukaa kwa watu. Tunajua sana. Ni nyumba chache hapa ambazo hazijatoa mtoto kwenda kwa mjomba Dar es Salaam, kwa shangazi Lindi mjini, au kwa jamaa wa ukoo huko Masasi ili awe karibu na shule. Wasio na ndugu hupangiwa chumba, gheto, nao hujipikia wakitoka darasani. Na kila mtoto anayeondoka huitwa kwanza, akaketishwa, akapewa maneno. Kaa vizuri na watu, mwanangu. Usichague chakula. Amka kabla ya wenye nyumba. Ukiudhiwa, nyamaza. Vumilia.

Maneno hayo yametolewa kwa upendo, na hapa kwetu yana mantiki. Ila mtoto anayekwenda kuishi na familia ya kigeni katika nchi ya kigeni yanaweza kumdhuru, na ni sharti tuyabadilishe kabla hatujamfikisha uwanja wa ndege.

Tuangalie kwanza kwa nini unyamavu unafanya kazi hapa. Mtoto aliyeko kwa mjomba hanyamazi peke yake. Yupo jirani anayemwona akichota maji usiku. Yupo mwalimu anayemwona amekonda. Yupo mtu wa Mingoyo anayepita Dar kwa shughuli zake, akaingia kusalimia, akarudi na habari: "Yule mtoto hana raha." Mama hupanda basi na kifurushi chake cha korosho, akafika bila taarifa, akalala siku mbili, akaona kwa macho yake. Kwa hiyo mtoto anafundishwa kunyamaza kwa sababu wako watu wazima kadhaa wanaosema kwa niaba yake. Hata hivyo mpango huu umeshindwa mara nyingi, tusijidanganye. Wapo wasichana waliopelekwa kusoma wakageuzwa watumishi wa ndani bila mshahara, na walivumilia vizuri mno, hadi mtihani wa kidato cha nne ukawapita. Ikiwa uvumilivu bila mtetezi umewaumiza watoto wetu umbali wa safari ya basi, utawafanyia nini umbali wa bahari?

Nafasi zenyewe zipo. Mpango wa Marekani unaoitwa Kennedy-Lugar YES ulianzishwa mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Tanzania, Bara na Zanzibar, imekuwa ikishiriki. Kijana huchukuliwa kwa mwaka mmoja wa masomo, anasoma shule ya kawaida na kuishi na familia ya Kimarekani. Familia hiyo hailipwi. Jambo hili huwashangaza wazazi wengi, na wengine huliona la kutilia shaka: mtu gani anampokea mtoto wa watu mwaka mzima, anamlisha, halafu hataki kitu? Lakini ndiyo kanuni ya viza wanayopewa wanafunzi hao, na ina sababu yake. Anayelipwa ana mpangaji. Asiyelipwa inabidi awe ameamua kwa hiari kwamba anataka mtoto nyumbani mwake.

Kanuni hizo hizo zinakwenda ndani zaidi kuliko tunavyodhani. Nyumba lazima itembelewe na wenyeji wahojiwe humo humo. Kila mtu mzima anayeishi humo, kuanzia miaka 18, lazima achunguzwe kama ana rekodi ya jinai. Mwanafunzi lazima awe na kitanda chake, kisiwe cha kukunjua wala cha kujaza upepo, na kama analala chumba kimoja na mwenzake, awe mmoja tu na wa jinsia yake. Familia ijulikane kabla kijana hajaondoka kwao. Na awepo mratibu wa eneo hilo, asiye mwenye nyumba, anayewasiliana na mwanafunzi angalau mara moja kwa mwezi.

Huyo mratibu ndiye jirani, ndiye mwalimu, ndiye mtu wa Mingoyo anayepita kusalimia. Kazi yote ambayo hapa inagawanywa kwa watu kumi, kule amepewa yeye. Ila ana upungufu mmoja: hawezi kuona mtoto amekonda ikiwa hakuwahi kumwona alivyokuwa, na hawezi kusoma uso ulioinamishwa kwa adabu. Anauliza: "Uko sawa?" Mtoto aliyelelewa vizuri anajibu: "Niko sawa." Mratibu anaandika kwamba yuko sawa, na mwezi unapita.

Nimekaa na vijana wengi wanaojiandaa kwa safari hizi na waliorejea, na nikiulizwa wasiwasi wao mkubwa ni nini, siwezi kusema ni baridi wala Kiingereza. Ni chakula. Na hata hapo, si aina ya chakula. Ni namna ya kukipata. Hapa kwetu ukikaribishwa mezani hukimbilii. Unasema umeshiba. Mwenyeji anakataa, anasisitiza, anakuvuta mkono, ndipo unanawa. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na chakula kinaliwa kwa heshima. Mpeleke kijana huyu katika jiko la Kimarekani. Mama wa nyumba anamuuliza kama anataka kula, anajibu kwamba ameshiba, na mama anaondoa sahani. Hakumdharau mtoto, amemheshimu, kwa kuamini neno lake. Kijana anapanda chumbani na njaa, akishangaa roho ya watu hawa. Kesho yake anaambiwa afungue jokofu ajichukulie chochote. Lakini nani kati yetu alifundishwa kufungua jokofu la watu? Siku zinakwenda, mtoto anapungua, na chini mama wa watu anajiuliza ni pishi gani lisilompendeza mgeni wake. Nyumba nzima ina chakula, na wote wawili wana huzuni, kwa sababu ya adabu.

Haya hayaponi kwa kumwambia kijana asiogope. Yanapona akifundishwa kwamba kule jibu la kwanza ndilo jibu, na kwamba kusema "nina njaa" si utovu wa haya. Afanye mazoezi ya kulisema nyumbani, mbele ya wazazi, kwa sauti. Najua linavyokera masikio yetu. Wazazi wengine hucheka, wengine hukasirika kidogo. Wafanye hivyo hivyo.

Halafu kuna mbwa. Watu wa nje wanaweza kuliona dogo, lakini mtoto wa pwani aliyelelewa kwa fiqhi ya Imam Shafii anajua kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, inayooshwa mara saba na moja yake kwa udongo. Nyumba nyingi za Marekani zina mbwa, na huyo mbwa haishi uani. Yuko sebuleni, juu ya kochi, na ndiye wa kwanza kumkimbilia mgeni na kumlamba mkono. Kijana akinyamaza, atakuwa anafua nguo kwa siri usiku na kuswali na moyo usiotulia. Akisema mapema, kabla ya kupangiwa nyumba, fomu zina mahali pa kueleza dini, chakula na wanyama, na ataweza kupelekwa nyumba isiyo na mbwa, au yenye mbwa asiyeingia chumbani kwake. Nyama ya nguruwe ni hivyo hivyo. Ramadhani pia: miaka hii inaangukia Februari na Machi, katikati ya mwaka wao wa shule, siku zikiwa bado fupi, hivyo mfungo wenyewe si mzito. Kizito ni kumweleza mtu ambaye hajawahi kuona mfungaji kwamba mtoto anayeamka alfajiri kula na kukataa chakula cha mchana si mgonjwa.

Wapo watakaosema mambo haya ni mapya kwetu, kwamba familia ya kupokea wasomi ni jambo la Wazungu. Sikubali. Msafiri Ibn Battuta aliposhuka pwani hii mwaka 1331, kituo chake cha kwanza kikubwa kilikuwa Mogadishu, na alichokiandika kuhusu mapokezi ya pale ni moja ya maelezo bora tuliyo nayo juu ya uenyeji. Meli ya wafanyabiashara ikiwasili, vijana walitoka kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hakulala pengine ila nyumbani kwa huyo mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyemnunulia na kumuuzia. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, hakuchukuliwa na mfanyabiashara. Alipelekwa kwa kadhi na kulazwa nyumba ya wanafunzi wa dini. Siku tatu aliletewa chakula mara tatu kwa siku, wali wa samli na mboga zake, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya pilipili, tangawizi na maembe. Siku ya nne, Ijumaa, akaletewa mavazi na kuchukuliwa msikitini kukutana na mtawala. Kisha akashuka Mombasa na Kilwa.

Ninachokipenda katika habari hiyo si ukarimu wake, maana ukarimu kila taifa linajisifia. Ni kwamba kila mtu alijua nafasi yake. Mfanyabiashara ana nyumba yake ya kufikia, msomi ana yake. Mwenyeji ni mdhamini, na biashara iliyofanywa na mgeni bila yeye kuwepo haikutambuliwa. Siku za kupumzika zina hesabu na siku ya kutoka inajulikana. Mgeni wa namna hiyo anaweza kuwa mchovu, anaweza kukumbuka kwao, lakini hana sababu ya kukesha akijiuliza yeye ni nani humu ndani.

Na hilo ndilo swali lililo chini ya wasiwasi wote. Mimi ni nani humu ndani? Nikiwa mgeni, sioshi vyombo. Nikiwa mtoto, nisipoosha ni mvivu. Nikiwa mpangaji, vyombo vyangu ni vyangu. Wahenga wetu walikuwa na jibu: siku ya tatu mgeni hupewa jembe. Wengi hulitaja kama onyo kwa mgeni mzembe, lakini mimi naliona kama hisani, kwa sababu aliyepewa jembe ameambiwa waziwazi kwamba sasa ni wa nyumba. Tatizo la kule ni kwamba hakuna anayekukabidhi. Wenyeji wanaogopa kumtumikisha mtoto wa watu. Mtoto anaogopa kugusa vitu vya watu. Wiki ya tatu anaonekana mvivu, naye hajui kosa lake. Basi jembe aliombe yeye. Aulize siku ya pili: kazi yangu humu ni ipi? Nani anaoga saa ngapi? Nikirudi nitoe taarifa kwa nani? Nikuite nani?

Hilo la kuitana lina uzito kuliko linavyoonekana. Kijana aliyezoea kumpa shikamoo kila mkubwa anafika mahali ambapo mwanamke wa umri wa mama yake anamwambia amwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi unakataa. Nimesikia habari za vijana waliokaa miezi bila kumwita mwenyeji wao chochote. Wakitaka jambo, walisubiri agongane nao macho. Angeulizwa mapema, mwenyeji huyo huyo angefurahi kuitwa mama, au angekubaliana nao jina lisilomwumiza yeyote.

Inafaa pia kujua wasiwasi huu unakaa wapi katika mwaka. Mwaka 1955 mtafiti wa Norwei, Sverre Lysgaard, aliandika kuhusu Wanorwei 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Aliona kwamba waliokaa chini ya miezi sita walikuwa wamezoea vizuri, waliozidi miezi 18 pia, na walioteseka ni wa katikati. Tangu hapo washauri wengi wamekuwa wakiwaambia wanafunzi kwamba watafurahi kwanza, watashuka, kisha watapanda. Lakini mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa Kijapani waliokwenda New Zealand. Waliwapima ndani ya saa 24 za kufika, kisha baada ya miezi minne, sita na kumi na miwili, na hapakuwa na furaha yoyote ya mwanzo. Dhiki ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni kabisa, ikapungua baadaye. Ninawaamini hawa zaidi, maana walipima watu wakiwa ndani ya jambo lenyewe, ilhali Lysgaard aliwauliza waliokwisha kurudi. Na kwa mtoto anayelia chooni usiku wa kwanza, tofauti hii ni kubwa. Akiwa ameambiwa kwamba mwanzo ni wa raha, atadhani ana kasoro. Akiwa ameambiwa kwamba usiku wa kwanza ndio mgumu kuliko yote, atajua kwamba uko mahali pake.

Usiku huo asipige simu nyumbani kila saa, nasi tusimpigie. Mingoyo ikiwa saa mbili usiku, New York wakati wa baridi ni saa sita mchana, yuko darasani. Wakubaliane siku moja au mbili za wiki, kwa saa inayojulikana. Mama anayepiga kila siku kuuliza "umekula?" anamrudisha mtoto Mingoyo kila siku, na mtoto hafiki kule alikokwenda.

Wenyeji nao wanaogopa, na hata sisi tumekuwa wenyeji. Wazo hili zima la kujifunza nchi kwa kuishi nyumbani mwa watu lina historia yake: Mmarekani Donald Watt alianzisha Experiment in International Living mwaka 1932 kwa kuwapeleka vijana kambini Uswisi, na baadaye akaona kambi haitoshi, wakae majumbani. Mmoja wa vijana waliopitia mpango wake, Sargent Shriver, ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Peace Corps, shirika la Wamarekani wa kujitolea, mwaka 1961, na Tanganyika ikawa kati ya nchi za mwanzo kupokea watu wake. Hadi miaka yetu hii wanaojiunga wamekuwa wakifundishwa Kiswahili huku wakiishi na familia za kawaida, Muheza ikiwa mojawapo ya mahali hapo. Jiweke katika nafasi ya mama wa Muheza aliyeambiwa kesho anakuja Mzungu. Maji yachemshwe. Chumba kiwe na kufuli. Choo chetu ataweza? Ugali wa muhogo atautema? Nikimwacha afue mwenyewe, majirani watasemaje? Angekuwa wa Mingoyo angeongeza ming'oko na kisamvu katika orodha ya hofu zake. Hofu yake na ya kijana wetu anayekwenda ng'ambo ni moja: kila upande unahofia kuhukumiwa kwa maisha yake ya ndani, yale ambayo hayaonyeshwi kwenye baraza. Kijana akilijua hili kabla ya kuondoka, atamwona mwenyeji wake kwa jicho jingine. Yule mwanamke anayezungukazunguka jikoni akimtazama kwa pembe ya jicho hamchunguzi. Anajiuliza kama amempokea sawasawa.

Tahadhari moja kubwa. Si kila nyumba ya kufikia ni ya namna hii, na mzazi ajue anatia saini ipi. Uingereza, familia nyingi zinazopokea wanafunzi wa lugha hulipwa kwa chumba na chakula. Pale kijana ana haki ya mteja na asitarajie kulelewa. Ujerumani kuna mpango wa Au-pair, unaowavutia vijana wengi wa Afrika Mashariki wenye umri wa miaka 18 hadi 26: wanalea watoto wa familia hadi saa 30 kwa wiki, kwa chumba, chakula na pesa za mfukoni zisizopungua yuro 280 kwa mwezi. Hapo kijana yuko kazini nusu na nyumbani nusu, na saa ya 31 ana haki ya kuikataa. Asiyejua hesabu hiyo, na aliyeagwa kwa neno "vumilia", ataipita na kuona ndiyo adabu.

Na mambo yakiharibika, kuhama nyumba kunaruhusiwa. Kwenye mpango wa YES, kama ilivyo kwenye mipango mingine ya aina yake, mwanafunzi anaweza kuhamishiwa familia nyingine, na hutokea bila mtu kuwa mwovu. Wazazi wa kwetu hulipokea kama aibu ya ukoo: mtoto amefukuzwa kwa watu. Kijana akilijua hilo atakaa pabaya hadi Juni, mwaka wa shule uishapo, ili kumlinda baba yake na fedheha. Baba ndiye wa kumwambia, kwa mdomo wake, kabla ya safari, kwamba akihama hatamwuliza kwanza umefanya nini.

Ninalo ombi kwa wanaoendesha mipango hii hapa nchini. Fomu nyingi anazotiliwa saini mtoto zimeandikwa kwa Kiingereza, na mzazi wa Mingoyo anatia saini kwa kumwamini mwanawe anayemtafsiria, mwanawe ambaye hataki nafasi impotee na hivyo hatasoma kwa sauti mistari ya kutisha. Zitolewe kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza uwe na jina la mratibu, namba yake, na namba ya mtu aliyeko Tanzania anayezungumza Kiswahili na atakayepokea simu usiku. Mama akae nao ukurasa huo, aubandike ukutani karibu na kalenda, ili siku akisikia sauti ya mwanawe imebadilika, asiwe na la kufanya moja tu, kumwambia avumilie.